Kijana wa Pembeni Sokoni: Cincinnati Ilinunua Nini Mwaka 2021?

Kila Machi habari za futiboli ya Kimarekani huja na tarakimu za kutisha. Kijana wa miaka 25 au 26, ambaye hata Wamarekani wengi hawamjui kwa sura, anasaini mkataba wa dola milioni 60 au 80. Miaka miwili mitatu ikipita, timu ileile inamwachia na sehemu kubwa ya fedha zilizobaki hailipwi. Msomaji aliyezoea soka, ambako mkataba ukivunjwa mchezaji hudai chake hadi FIFA, hubaki akijiuliza kama zile milioni zilikuwa za kweli. Tena kama mikataba hii huharibika mara nyingi hivyo, mbona timu hurudi sokoni kila mwaka kutafuta vijana wa nafasi ileile?

Kisa kinachofumbua mambo haya vizuri ni cha Machi 2021. Cincinnati Bengals walimwacha mlinzi wao wa pembeni, Carl Lawson, aende New York Jets, na wiki hiyohiyo wakamchukua Trey Hendrickson kutoka New Orleans Saints. Wengi waliofuatilia soko waliona Bengals wamekosea. Matokeo yakawaumbua. Hata hivyo matokeo peke yake hayatoshi kueleza nani alikuwa na hoja.

Kazi yenyewe

Mlinzi wa pembeni katika futiboli ya Kimarekani hana undugu na beki wa pembeni wa soka. Husimama kwenye ncha ya mstari wa mbele wa ulinzi, na mpira ukianza kuchezwa hana budi kumpita mtu wa kilo 140 hivi aliyewekwa kumzuia, kisha kumfikia kotabeki, yule mrushaji anayeongoza mashambulizi. Akimwangusha mpira ungali mkononi mwake, hiyo ni saki. Akimkimbiza, akimgonga au akimlazimisha kurusha kabla hajawa tayari, inahesabiwa presha. Muda alionao kwa kawaida hauzidi sekunde tatu. Ana wajibu pia wa kuwazuia wanaokimbia na mpira, lakini si huo unaolipiwa mamilioni.

Binadamu wa kilo 120 anayeweza kupinda kona kwa kasi bila kuanguka ni adimu, na timu humtafuta hata nje ya mchezo wenyewe. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakuwa amecheza futiboli, wakamweka katika kundi la wanaovamia kutokea ukingoni. Sheria za miongo ya karibuni zimempendelea mrushaji na wapokeaji wake, kwa hiyo kumfikia kabla hajarusha kumekuwa njia kuu iliyobaki ya kuvuruga mashambulizi ya mpinzani.

Hata soko huru la ligi ya NFL lilizinduliwa na mtu wa nafasi hii. Reggie White, ambaye jina lake lilikuwa kwenye kesi iliyowapatia wachezaji uhuru huo, aliondoka Philadelphia Eagles mwaka 1993 akaenda Green Bay Packers kwa dola milioni 17 za miaka minne. Januari 1997 Packers walitwaa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, na White alimwangusha kotabeki wa New England mara tatu katika mchezo huo. Alikuwa amesajiliwa akiwa na miaka 31. Tangu wakati huo mameneja wamekuwa wakiota kumpata White mwenye miaka 25.

Kijana huru hutoka wapi

Kwa kawaida kijana wa namna hiyo haonekani sokoni kwa bahati njema. Mchezaji aliyeteuliwa kutoka chuo, katika uteuzi wa kila mwaka ambapo timu huchagua kwa zamu, husaini mkataba wa miaka minne, na malipo yake hufuata namba aliyoteuliwa nayo, hata kama baadaye aling'ara kuliko waliomtangulia. Walioteuliwa raundi ya kwanza wanaweza kuongezewa mwaka wa tano kwa uamuzi wa timu. Wengine, baada ya ile minne, wako huru wakiwa na miaka 25 au 26, umri ambao mwili bado unapanda na ufundi umeshaanza kukomaa.

Timu inayompenda ina namna ya kumzuia. Inaweza kumpa mkataba mpya mapema. Inaweza pia kumfunga kwa mwaka mmoja kwa mshahara wa daraja la juu kabisa la nafasi yake, lakini haki hiyo hutumika kwa mchezaji mmoja tu kila mwaka. Au inamwachia na kutumaini kufidiwa kwa nafasi ya ziada katika uteuzi wa mwaka unaofuata. Kila uamuzi unagongana na kikomo cha mishahara, ambacho kilianza mwaka 1994 kwa dola milioni 34.6 kwa timu nzima. Mwaka 2020 kilikuwa kimefika milioni 198.2. Kisha viwanja vikakaa vitupu kwa ajili ya korona, mapato yakaporomoka, na kikomo cha 2021 kikashushwa hadi milioni 182.5.

Kushuka huko ndiko kulikotupa sokoni baadhi ya watu ambao katika mwaka wa kawaida wangefungwa mapema. New Orleans, waliokuwa wamekopa kutoka miaka ya mbele kwa muda mrefu, walikuwa wamevuka kikomo kwa mamilioni mengi sana. Haki yao ya kumfunga mchezaji mmoja waliitumia kwa Marcus Williams, mlinzi wa nyuma. Hendrickson akaachwa.

Na zile milioni? Tarakimu ya kwenye vichwa vya habari ni kiwango cha juu kabisa ambacho mkataba unaweza kufika. Ahadi halisi ni fedha za uhakika, zile ambazo timu italipa hata ikimwacha mchezaji. Sehemu kubwa yake huwa ni fedha ya kusaini, ambayo mchezaji huipata mapema lakini kwenye hesabu za kikomo husambazwa hadi miaka mitano. Tuseme mkataba ni wa miaka minne na fedha ya kusaini ni milioni 20. Hesabu itabeba milioni 5 kila mwaka. Timu ikimwacha baada ya misimu miwili, milioni 10 zilizobaki zinaingia kwenye kikomo hata kama yeye anachezea wapinzani. Mishahara ya miaka ya nyuma isiyo na uhakika, kwa upande mwingine, inafutika. Kwa hiyo fedha si za uongo, ila zina masharti, na jinsi masharti yalivyopangwa ndiyo huamua nani ataumia mambo yakienda mrama.

Saki ishirini kwa saki ishirini

Lawson na Hendrickson waliingia ligi mwaka mmoja, 2017. Hendrickson aliteuliwa wa 103 kutoka chuo cha Florida Atlantic, Lawson wa 116 kutoka Auburn. Baada ya misimu minne kila mmoja alikuwa na saki 20 kamili. Mchambuzi mvivu angeishia hapo na kuwaita sawa.

Zile za Lawson zilikuwa na mtiririko unaosomeka: nane na nusu msimu wa kwanza, moja katika msimu ulioharibiwa na goti, kisha tano, kisha tano na nusu. (Nusu hutolewa wawili wanapomwangusha kotabeki pamoja.) Hendrickson alikuwa na mbili, sifuri na nne na nusu, halafu ghafla katika mwaka wake wa mwisho wa mkataba, 13.5. Msimu huo wa 2020 ni T.J. Watt wa Pittsburgh peke yake aliyemzidi, kwa saki 15.

Bengals walimaliza 2020 na saki 17 timu nzima, idadi ndogo kuliko zote katika ligi. Kwa timu yenye njaa kiasi hicho, kumwachia aliyeleta karibu theluthi ya saki hizo kulionekana kichaa. Jets walimpa Lawson milioni 45 kwa miaka mitatu, na milioni 30 kati yake ziliripotiwa kuwa za uhakika. Hendrickson alipewa milioni 60 kwa miaka minne, na kwa desturi ya Bengals uhakika haukwenda mbali zaidi ya mwaka wa kwanza. Wastani wa mwaka ni uleule, milioni 15, kama asilimia 8 ya kikomo cha wakati huo. Chini ya wastani huo mikataba hiyo miwili haikufanana hata kidogo.

Hoja ya wanunuzi

Wanaotetea ununuzi wa vijana hawa huanza na umri, na hapo wana nguvu. Mchezaji wa miaka 26 akipewa mkataba wa miaka minne, timu inalipia miaka yake bora. Mkongwe wa miaka 31 analipwa kwa aliyowafanyia wengine. Kijana wa chuo naye ni kitendawili, maana walinzi wa pembeni wengi huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kujua kutumia mikono yao vizuri. Mnunuzi wa soko huru anamwachia mwingine alipe ada hiyo ya shule.

Hoja nyingine ni kwamba timu haitoi mtu badala yake. Kumpata mvamizi aliyethibitika kwa kubadilishana kunaweza kugharimu nafasi mbili za uteuzi wa raundi ya kwanza, kama Green Bay walivyotoa, pamoja na mchezaji, ili kumtwaa Micah Parsons kutoka Dallas mwaka 2025, kisha wakamlipa wastani wa milioni 47 kwa mwaka. Sokoni unatoa fedha peke yake. Na fedha hupungua uzito kadiri kikomo kinavyopanda. Mwaka 2025 kikomo kilikuwa milioni 279.2, na Myles Garrett wa Cleveland alikuwa akilipwa milioni 40 kwa mwaka. Aliyemfunga mtu kwa milioni 15 mwaka 2021 alikuwa amenunua kabla ya bei kupaa.

New York Giants mara nyingi hutajwa upande huu. Mwaka 2016 walimpa Olivier Vernon, mwenye miaka 25, milioni 85 kwa miaka mitano, na msimu huo timu ikatoka ushindi 6 hadi 11. Mfano huu una mkia ambao wanunuzi hawapendi kuutaja: msimu huohuo Giants waliwasajili pia walinzi wengine wakubwa, na kufikia Machi 2019 Vernon alikuwa ameshapelekwa Cleveland. Ununuzi ulisaidia, ila nani anayeweza kusema ni kiasi gani cha ushindi ule kilikuwa chake?

Hoja ya wanaojihadhari

Upande wa pili huanza na swali la mchuuzi: kama bidhaa ni nzuri, mbona mwenyewe anaiuza? Timu iliyomlea inajua hali ya magoti yake, bidii yake mazoezini na anavyocheza siku anapokuwa na maumivu. Ikiamua kutompa mkataba mpya, huenda ina sababu ambayo mnunuzi haioni kwenye picha za mchezo.

Juu ya hilo, soko huru ni mnada. Timu kadhaa zinampima kijana yuleyule, nyingine zikimkadiria chini na nyingine juu. Anayeshinda ni yule aliyekadiria juu kuliko wote, yaani ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi ya kuwa amekosea. Haihitaji meneja mjinga ili hili litokee. Hutokea hata kwa werevu, kwa sababu ya umbo la mnada wenyewe.

Kuna pia tatizo la kuhama. Bryce Huff hakuteuliwa na timu yoyote mwaka 2020. Jets walimchukua bure, wakamtumia hasa katika michezo ya pasi, na mwaka 2023 akapata saki 10. Eagles wakampa kama milioni 51 kwa miaka mitatu. Huko Philadelphia, chini ya mpangilio wa kocha wa ulinzi Vic Fangio unaowataka watu wa ukingoni wafanye na kazi za kurudi nyuma kulinda pasi, alipata saki mbili na nusu. Jeraha la mkono lilichangia. Lakini hata alipopona hakurudi kwenye nafasi kubwa, na Eagles walipowafunga Kansas City 40 kwa 22 katika Super Bowl ya Februari 2025, Huff hakuwa miongoni mwa waliovaa kucheza. Walioivuruga Kansas City siku hiyo ni watu kama Josh Sweat, ambao Eagles wenyewe waliwateua na kuwalea. Huff alikuwa amenunuliwa kwa kazi aliyoifanya vizuri, halafu akapewa kazi nyingine.

Wala kufahamiana na kocha si kinga. Detroit Lions walimpa Trey Flowers, mwenye miaka 25, milioni 90 kwa miaka mitano mwaka 2019, wakiwa na kocha Matt Patricia aliyemjua tangu New England. Alianza na saki saba, kisha majeraha yakamwandama. Machi 2022 aliachwa.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inahukumu sababu zote za kuachwa kama sababu moja. Saints hawakumwacha Hendrickson kwa kumtilia shaka kiasi hicho. Hawakuwa na nafasi kwenye kikomo. Ukimkwepa kila aliyeachwa, utawakwepa pia walioachwa kwa sababu za mhasibu.

Saki au presha?

Mjadala wa 2021 hasa ulikuwa hapa. Waliompenda Lawson walisema saki ni zao la bahati kwa sehemu kubwa. Kotabeki akitoka nusu sekunde mapema, kazi ileile nzuri inabaki presha tu. Presha hutokea mara nyingi zaidi, kwa hiyo hutabiri mwaka ujao vizuri zaidi. Lawson alikuwa miongoni mwa waliomgonga na kumkimbiza kotabeki mara nyingi zaidi mwaka 2020, na saki zake tano na nusu zilionekana kama deni ambalo bahati ingelilipa msimu unaofuata. Hendrickson alikuwa kinyume chake: saki nyingi kuliko presha zake zilivyoahidi, tena akicheza upande wa pili wa Cameron Jordan, mkongwe aliyevuta macho ya wapinzani.

Hoja hiyo ni nzuri, na kwa wastani wa wachezaji wengi naiona bado ni sahihi. Kasoro yake ni kumchukulia mchezaji kama aliyekwisha kuumbika. Misimu mitatu ya kwanza Hendrickson alicheza kidogo, mara akiwa majeruhi, mara akisubiri nyuma ya wengine. 2020 ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa kazi nzima. Mwaka mmoja wa namna hiyo unaweza kuwa bahati au unaweza kuwa mwanzo, na takwimu za mwaka huo pekee haziwezi kutofautisha. Wanaoweza kukisia ni wanaotazama miguu na mikono yake kwenye picha, na Bengals waliona mtu asiyeacha kukimbia baada ya mbinu ya kwanza kushindwa.

Kilichofuata kinajulikana. Agosti 2021, katika mazoezi ya pamoja na Packers huko Green Bay, Lawson alikatika kano ya kisigino na msimu ukamwishia kabla haujaanza. Mwaka 2022 alirudi akapata saki saba. Mwaka 2023 alicheza mechi sita bila hata moja. Hendrickson alipata saki 14 mwaka 2021, Bengals wakafika Super Bowl na kufungwa na Los Angeles Rams 23 kwa 20. Misimu ya 2023 na 2024 alipata 17.5 kila mmoja, na mwaka 2024 hakuna aliyemzidi katika ligi nzima.

Mizani

Kosa la wengi ni kusoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba saki zilishinda presha. Kano iliyokatika mazoezini haisemi lolote kuhusu takwimu za mwaka uliotangulia. Lawson alikuwa na historia ya magoti tangu Auburn, hilo lilikuwa wazi kwa Jets na Bengals vilevile, lakini kisigino ni habari nyingine. Angebaki mzima, huenda leo tungekuwa tunasimulia kisa cha wawili waliofaulu.

Tofauti ninayoiona kubwa zaidi ni mahali hatari ilipowekwa. Jets walihatarisha theluthi mbili ya mkataba kwa mtu mwenye rekodi ya majeraha. Bengals walilipa wastani uleule wa mwaka, ila wangeweza kumaliza habari baada ya msimu mmoja kwa hasara ndogo. Lau Hendrickson ndiye angeumia ile Agosti, Cincinnati wangesikitika, kisha wangeendelea na mipango yao. Ndiyo maana kumwita Hendrickson kamari iliyofanikiwa ni kutowatendea haki: dau lilikuwa dogo kuliko lilivyoonekana kwenye magazeti. Na kabla ya hapo walikuwa wamejua kwa nini aliachwa, na walimpa kazi ileile aliyoifanya New Orleans. Philadelphia walikosa hili la mwisho kwa Huff ingawa mengine waliyajua.

Mpangilio huo nao una gharama, na Cincinnati waliilipa baadaye. Mchezaji asiye na uhakika akifaulu, anabaki akilipwa bei ya zamani na hana sababu ya kunyamaza. Mwaka 2023 Hendrickson aliongezewa mwaka mmoja. Mwaka 2024 aliomba kuondoka. Mwaka 2025, akiwa na miaka 30 na kinara wa saki wa ligi, mvutano ulichukua kiangazi chote, akitaka uhakika wa zaidi ya msimu mmoja. Uliishia kwa nyongeza iliyomfikisha karibu milioni 30 kwa mwaka huo, bila mkataba mrefu. Hatari ambayo timu iliisukuma kwa mchezaji mwaka 2021 ilirudi ofisini kwao katika sura nyingine.

Kwa timu inayotaka kuiga, kikwazo ni kwamba masharti haya hayapatikani kwa kutaka tu. Mwaka 2021 kikomo kilishuka, wanunuzi wakawa waoga, na kijana mwenye msimu mmoja mzuri akakubali uhakika mfupi. Kikomo kinapopanda kwa makumi ya mamilioni, kama kilivyofanya hadi kufikia 2025, wakala wa kijana wa daraja hilo atakuta timu tatu au nne zilizo tayari kudhamini miaka miwili ya mwanzo, na atampeleka huko. Atakayebaki na masharti ya Cincinnati atapata mwenye goti linalotiliwa shaka, au mkongwe.